Dalali Aliyetiwa Hatiani: Nani Afunge Mlango, na Nani Aufungue?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo.



Mada tuliyokusudia kuizungumza leo ni ya sokoni, lakini msikitini nako ni mahali pake. Tunakusudia kuzungumzia udalali wa nyumba na viwanja, na hasa swali hili: mtu aliyeaminiwa katika kazi hiyo, kisha mahakama ikamtia hatiani kwa utapeli, je, arudi katika kazi ile ile? Ikiwa asirudi, ni nani mwenye haki ya kumzuia, kwa muda gani na kwa utaratibu upi? Na ikiwa arudi, ni dalili gani zitakazotufanya tumwamini tena?

Hili si jambo la kufikirika. Ni wachache mno miongoni mwetu tuliopo hapa ambao hawajawahi kupanga, kununua au kuuza kwa mkono wa dalali. Na yeyote anayetembea katika jiji letu la Dar es Salaam amekwisha kuyasoma maandishi ya rangi juu ya kuta: NYUMBA HII HAIUZWI, KIWANJA HIKI HAKIUZWI, OGOPA MATAPELI. Tumeyazoea kiasi kwamba hatuyatafakari tena. Lakini tuyatafakari kidogo. Mwenye nyumba analala ndani ya nyumba yake, ana hati yake, na bado analazimika kununua kopo la rangi ili awatangazie wapita njia kwamba mali yake haimo sokoni. Maana yake ni kwamba yuko mtu mahali fulani anayeweza kuiuza bila ya yeye kujua. Ukuta umefanywa kuwa daftari la usajili, kwa sababu daftari lenyewe halipo.

DALALI ANASHIKA NINI?

Kwanza tuweke wazi kwamba udalali wenyewe ni kazi ya halali. Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango mahsusi kuhusu ujira wa dalali, na humo amewataja wanazuoni wa zama za Tabiina, kama Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan, kuwa hawakuona ubaya katika ujira huo. Aidha, imepokewa kutoka kwa Qays bin Abi Gharaza (r.a.) kwamba wafanyabiashara wa Madina walikuwa wakiitwa kwa jina la madalali, na Mtume (s.a.w.) akawapa jina lililo bora zaidi, jina la wafanyabiashara. Kisha akawazindua kwamba katika kuuza na kununua huingia maneno ya upuuzi na viapo, hivyo wachanganye biashara yao na sadaka. Tazameni hekima yake. Aliwapandisha hadhi, na papo hapo akawaonyesha mahali kazi yao inapovuja. Panapovuja ni ulimini.

Pia tunafahamu kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza najshi, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua ili amnase mwingine. Na ametahadharisha vikali kuhusu mwenye kudhulumu ardhi, hata ikiwa ni kiasi cha shubiri moja, kwamba atafungwa shingoni siku ya Kiyama kwa ardhi saba. Kama shubiri moja ina uzito huo, nyumba nzima ya urithi ina uzito gani?

Sasa tuitazame Kariakoo yenyewe. Eneo hili lilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Likaja kuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Babu alijenga, watoto wakazaliwa humo, wajukuu wakapangisha vyumba. Leo kiwanja kile kile kinatakiwa na mwenye kujenga ghorofa la maduka, na thamani yake imepanda kuliko hesabu ambayo babu angeweza kuiota. Lakini hati mara nyingi bado ina jina la marehemu. Warithi wako kumi au kumi na watano, mmoja yuko Tanga, mwingine Muscat, na bibi mjane ndiye anayeishi chumba cha mbele. Hapo ndipo dalali anapoingia.

Anashika nini huyu dalali? Anashika siri ya bei ambayo muuzaji yuko tayari kuipokea, na siri ya fedha ambayo mnunuzi anayo mfukoni. Anashika nakala ya hati. Pengine anashika funguo. Mara nyingi anashika fedha ya utangulizi. Na anashika kitu kikubwa kuliko vyote hivyo, nacho ni kutojua kwa mwenzake. Katika upangaji ujira wake umezoeleka kuwa kodi ya mwezi mmoja, na katika mauzo huchukua sehemu ya bei. Huo ni ujira wa wazi. Ama kile kinachoitwa cha juu, yaani dalali kumtajia mnunuzi bei moja na muuzaji bei nyingine kisha akajimegea tofauti kwa siri, huo si ujira. Hiyo ni khiyana iliyovaa kanzu ya ujira.

Al-Shayzari, mwanazuoni wa Sham wa karne ya 12 aliyeandika kitabu cha kuwaongoza wasimamizi wa masoko, aliwatengea madalali mlango wao. Sharti alilolitanguliza ni kwamba wawe watu wa kheri, waaminifu na wakweli, kwa kuwa watu huwakabidhi mali zao. Hivyo basi, tangu zama hizo ilifahamika kwamba udalali hauanzi na mtaji. Unaanza na uaminifu wa mtu. Na kazi ambayo mtaji wake ni uaminifu, uaminifu ukiporomoka, mtu amefilisika hata kama mfuko wake umejaa.

SHERIA INAFIKA WAPI?

Katika nchi yetu, anayejipatia mali kwa udanganyifu anatenda kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Anayeghushi hati naye amewekewa adhabu yake katika sheria hiyo hiyo. Mahakama inaweza pia kuamuru aliyedhulumiwa alipwe fidia. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo baadhi ya watu kwa kukata tamaa, kwamba utapeli wa viwanja hauna sheria. Unayo.

Tatizo liko baada ya hukumu. Wakili aliyefanya khiyana ana Kamati ya Mawakili juu yake, na jina lake linaweza kuondolewa katika orodha ya mawakili. Mhandisi ana bodi yake, mkandarasi ana yake, na mbunifu wa majengo na mkadiriaji majenzi wana yao. Mthamini wa nyumba na ardhi naye, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2016, ana Bodi ya Usajili wa Wathamini. Kila mmoja kati ya hawa ana daftari lenye jina lake, na mwenye daftari anaweza kulifuta jina hilo. Lakini yule anayesimama katikati ya muuzaji na mnunuzi, anayewakutanisha wote hawa, yaani dalali wa mtaani, kwa miaka mingi hakuwa na daftari. Alikuwa na kijiwe, simu na jina la utani. Pengine alikuwa na leseni ya biashara, lakini leseni hiyo huangalia zaidi mahali pa biashara, kodi na ada. Haikukusudiwa kupima dhamira.

Matokeo yake ni nini? Mtu anahukumiwa kwa kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Anatumikia kifungo chake. Siku anayotoka gerezani, hakuna leseni ya kitaaluma aliyonyang'anywa, kwa sababu hakuwa nayo. Akitaka, anahama kutoka Mtaa wa Sikukuu kwenda Mbagala au Tegeta, anabadilisha namba ya simu, na jioni ile ile anamwonyesha mtu nyumba. Mwaka 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na udalali wa biashara na wa nyumba na ardhi umo ndani yake. Ni haki ya nchi kulinda kazi za watu wake. Lakini kumzuia mgeni hakutoshi kumlinda mjane wa Kariakoo, kwa kuwa aliyemwuzia nyumba yake kwa hila huenda alikuwa jirani yake, na anajua jina la mama yake.

Tusidhani kuwa pengo hili linawaumiza waliotapeliwa peke yao. Linamwumiza pia dalali mwaminifu, kwa kuwa hana cha kumwonyesha mteja kinachomtenganisha na tapeli. Na linamwumiza hata yule aliyekosa kisha akatubu, jambo ambalo watu wengi hawalioni. Penye daftari na utaratibu, mtu huondolewa kwa sababu iliyoandikwa, kwa muda uliowekwa, na hurudishwa kwa uamuzi unaojulikana. Pasipo na daftari, hukumu yake inabaki katika vinywa vya watu. Uvumi haumpi nafasi ya kujitetea, haumwambii adhabu yake inaisha lini, na haujawahi kumrudishia mtu jina lake. Kwa mantiki hiyo, tapeli asiyejali hupita katikati ya uvumi akacheka, na mwenye haya aliyetubu kikweli ndiye anayekwama nao.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Jirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Mawakala wa Nyumba mwaka 1984, Sura ya 533 ya sheria zao, ikaundwa bodi ya kuwasajili, na kufanya kazi hiyo bila ya kusajiliwa kukawa ni kosa. Bodi imepewa mamlaka ya kumwondoa katika rejista aliyevunja masharti ya kazi. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wa mwambao huenda kutafuta riziki, ilitunga kanuni ya kusajili madalali wa milki mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaunda mamlaka maalumu ya kuisimamia sekta hiyo.

Uingereza walichukua njia nyingine ambayo inafaa tuizingatie. Sheria yao ya mwaka 1979 haikumtaka kila dalali wa nyumba awe na leseni. Yeyote anaweza kuanza. Lakini aliyetiwa hatiani kwa udanganyifu, kwa kosa jingine la kukosa uaminifu, au kwa kutumia nguvu dhidi ya watu, anaweza kupigwa marufuku kufanya kazi hiyo. Yaani badala ya kuwa na orodha ya walioruhusiwa, wakawa na orodha ya waliokatazwa. Na kabla ya hapo, mwaka 1974, walikuwa wamekwisha kutunga sheria inayosema kuwa hukumu za aina fulani, baada ya kupita muda maalumu bila ya mtu kukosa tena, zihesabiwe kuwa zimekwisha muda wake. Hukumu iliyokwisha muda haiwezi tena kutumika kumfungia dalali mlango.

Hapa kwetu pia Katiba inalijua wazo hilo. Ibara ya 67, inayotaja sifa za kugombea ubunge, inamtaka mgombea awe hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika kipindi cha miaka 5 kabla ya uchaguzi. Haikusema hajatiwa hatiani maisha yake yote. Ikiwa mtu aliyekwepa kodi ya nchi amewekewa kipimo cha muda kabla ya kuingia katika jengo linalotunga sheria, si ajabu kumwekea dalali kipimo cha muda kabla ya kushika hati za watu.

Hatusemi kwamba tuchukue sheria ya wengine kama ilivyo. Tunachosema ni kwamba duniani kote watu wameona mambo mawili: kazi ya amana haifai kuachwa wazi kwa aliyekwisha kuthibitika kuivunja amana, na mlango uliofungwa haufai kukosa ufunguo.

QUR'AN NA FIQHI ZINATUFUNDISHA NINI?

Mambo haya mawili si mageni kwetu. Tuitazame Suratun-Nuur, aya ya 4 na ya 5. Aya ya 4 inazungumzia mtu anayewasingizia zinaa wanawake watwaharifu kisha asilete mashahidi wanne. Amewekewa adhabu ya viboko 80. Lakini juu ya viboko hivyo kumeongezwa jambo jingine: ushahidi wake usikubaliwe. Zingatieni, ndugu zetu. Hukumu hii ina sehemu mbili. Moja ni maumivu ya mwili, nayo hupita siku ile ile. Ya pili ni kuondolewa sifa ya kuaminiwa mbele ya kadhi. Aliutumia ulimi wake kuharibu heshima za watu, na ulimi ule ule ukaondolewa katika kazi ya kuthibitisha haki za watu. Hii ndiyo maana hasa ya kumfutia mtu leseni: kukitoa katika mikono yake kile kifaa alichokitumia kudhulumu.

Kisha ikaja aya ya 5, ikawatoa wale waliotubu baada ya hapo na wakatengenea. Hapa wanazuoni wakakhitalifiana. Imam Abu Hanifa alishikilia kwamba toba inamwondolea mtu sifa ya ufasiki mbele ya Allah, lakini ushahidi wake katika mahakama haurudi. Imam Malik, Imam Shafii na Imam Ahmad wakasema kuwa akitubu ushahidi wake unarudi. Tofauti hii ni rehema kwetu, kwani inatuonyesha kuwa kuna hoja nzito pande zote mbili. Upande mmoja unasema: haki za watu ni nzito mno, tusizifanyie majaribio. Upande wa pili unasema: aliyefunguliwa mlango na Mola wake, ni nani wa kumfungia?

Sisi watu wa mwambao, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, tumerithi hapa jambo lenye manufaa makubwa. Mafaqihi wa madhehebu hayo hawakuridhika na mtu kutamka tu kwamba ametubu. Wameweka sharti la kipindi cha kumtazama, ili ukweli wa toba yake udhihirike, na wengi wao wakakikadiria kuwa mwaka mmoja. Hekima yake ni kwamba katika mwaka hupita misimu yote. Hupita shida na faraja, kiangazi na masika, na mtu huonekana alivyo katika hali zote. Toba ni ya moyoni, lakini kuaminiwa na watu kunahitaji ushahidi wa macho.

Kadhalika katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wameamrishwa kuwajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali, na wakiona kwao uwezo wa kuendesha mambo, ndipo wawakabidhi, tena mbele ya mashahidi. Yatima ni mwenye mali na hana kosa lolote, na bado anajaribiwa. Vipi basi kwa mtu ambaye mali si yake, na kosa analo?

Tukumbuke pia kwamba toba katika haki za waja ina nguzo ambayo haina mbadala, nayo ni kurudisha. Mtu aliyekula fedha ya kiwanja cha mwenzake hawezi kuifuta kwa kuhudhuria safu ya mbele, wala kwa kuchangia zulia la msikiti. Kwanza airudishe, au aombe kusamehewa na mwenyewe, au aweke ahadi ya kulipa kidogo kidogo na aitekeleze. Kifungo alichotumikia kimelipa deni la dola. Deni la mjane liko pale pale.

Na upande wa pili nao tuukumbuke. Zama za Mtume (s.a.w.) alikuwako mtu aliyeadhibiwa kwa ulevi zaidi ya mara moja. Baadhi ya waliohudhuria walipomlaani, Mtume (s.a.w.) aliwakataza, na akamshuhudia kwamba anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilitekelezwa, na heshima yake kama Muislamu ikabaki. Kumzuia mtu asiwe dalali ni jambo moja. Kumzuia asisalimiwe, asialikwe arusini, mwanawe asiposwe, hilo ni jambo jingine, na hatukupewa ruhusa nalo.

TUFANYE NINI?

Ndugu zetu, maneno yasiyofuatiwa na vitendo ni upepo. Tunapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, tuipunguze nafasi ya utapeli kabla haujatokea. Allah (s.w.) katika Suratul-Baqara, aya ya 282, ametuamrisha kuandika na kushuhudisha katika miamala ya kukopeshana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi. Kwa hiyo asiwepo Muislamu atakayetoa fedha ya nyumba kwa kuaminiana tu kwenye kibaraza. Afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ajue jina lililomo. Ikiwa mwenye jina amefariki, aulize msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni nani, na warithi wote wako wapi. Awaulize majirani na serikali ya mtaa. Na fedha imfikie mwenye mali, isipitie mfukoni kwa dalali. Dalali mwaminifu hachukizwi na maswali haya, kwani yanamlinda na yeye.

Pili, warithi wa nyumba za Kariakoo wakae chini mapema. Utapeli mwingi hauanzii kwa dalali. Huanzia kwa ndugu mmoja aliyemwita dalali kwa siri. Mirathi iliyocheleweshwa miaka 20 ni mlango uliosahauliwa wazi usiku.

Tatu, madalali Waislamu wa eneo hili wajikusanye, wawe na daftari lao la hiari: jina kamili, picha, mahali anapopatikana, na wadhamini wawili wanaomjua. Waweke masharti machache yanayoeleweka: ujira utajwe mwanzo kwa pande zote mbili, cha juu cha siri ni marufuku, na hati ya mtu haikai kwa dalali. Atakayetiwa hatiani na mahakama kwa udanganyifu au kughushi, jina lake liondolewe. Tunasema atakayetiwa hatiani, hatusemi atakayetuhumiwa. Tuhuma ni jambo la uchunguzi, na wengi wametuhumiwa kwa sababu ya wivu wa riziki tu. Wala tusichanganye makosa. Aliyefungwa kwa ugomvi wa mtaani akiwa kijana hakuvunja amana ya mali ya mtu, na hakuna hekima ya kumfungia kazi ya udalali kwa sababu hiyo.

Nne, aliyeondolewa awekewe njia ya kurudi, nayo iandikwe tangu siku ya kuondolewa kwake, asiachwe akisubiri huruma ya watu. Tunapendekeza kuwe na hatua tatu. Arudishe alichokula, au aonyeshe mpango wa kulipa anaoutekeleza. Upite muda usiopungua mwaka mmoja baada ya kutoka kifungoni bila ya kosa jipya, na katika muda huo afanye kazi nyingine ambayo haimpi mamlaka juu ya mali za watu. Kisha akirudi, aanze na mambo madogo, kama kupangisha chumba akiwa chini ya mwenzake anayemsimamia, kabla ya kugusa mauzo ya nyumba. Na wapo ambao kosa lao ni kubwa au limejirudia, ambao haki ya watu inadai wasirudi kabisa katika kazi hii. Hao nao wasaidiwe kupata riziki nyingine. Kufunga mlango mmoja wa kazi si kumhukumu mtu afe njaa.

Tano, tuuachie msikiti kazi yake. Imamu asiombwe kumtolea mtu ushahidi wa tabia njema kwa sababu tu anamwona katika swala ya Alfajiri. Mwenye kutoa ushahidi aseme anachokijua katika miamala, kwani ibada ya mtu ni siri yake na Mola wake, lakini dinari yake inajulikana kwa waliofanya naye biashara. Vile vile, kumtahadharisha mnunuzi anayekuja kuuliza kuhusu mtu fulani ni nasaha, wala si kusengenya, maadamu msemaji anasema ukweli, kwa kiasi cha haja, kwa aliyeuliza. Kuyatangaza hayo hayo barazani kwa wasiohusika ni kusengenya.

Sita, tuendelee kuzitaka mamlaka zetu ziweke utaratibu rasmi wa kuwasajili madalali wa nyumba na ardhi nchini. Daftari la hiari ni la kheri, lakini halina nguvu ya kumkamata anayehamia mtaa wa pili. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na nchi nzima ikauliza nani alijenga na nani alisimamia. Ni maswali sahihi. Lakini tusisubiri msiba ndipo tuulize nani aliuza, nani alinunua na nani alikuwa katikati. Nyumba inaweza kumwangukia mtu bila ya tofali hata moja kuanguka. Mwulizeni mjane aliyegongewa mlango asubuhi na mtu mwenye mkataba.

Ndugu zetu, tunamalizia kwa kusema kwamba leseni ni karatasi, na karatasi inaweza kutolewa, kufutwa na kutolewa tena. Inachowakilisha ndicho kizito. Sote tuna aina yake ya amana: baba kwa wanawe, mwajiri kwa wafanyakazi, msimamizi wa mirathi kwa warithi. Tukiwadai madalali wetu uaminifu, nasi tuwe tayari kudaiwa.

Tunamwomba Allah (s.w.) awarudishie haki zao waliodhulumiwa nyumba na viwanja vyao, awape waliodhulumu moyo wa kurudisha kabla ya siku ambayo hakutakuwa na fedha ya kulipia, azitie baraka riziki za wale wanaouza na kununua kwa ukweli, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotunza amana na ahadi zao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.